Chagua Inayokufaa

Tk. Kimya kidogo. Tk, tk.

Mama Nukta alikuwa macho tayari, amelala chali, na sauti ile aliijua. Ni mdomo wa birika ukitafuta kikombe gizani. Uligonga ukingo wa meza kwanza, ukasogea, ukagonga bati la kikombe, ukatulia. Kisha chai ikaanza kumiminika polepole, huku mumewe ameweka ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Kidole chenyewe hakukiona. Alikijua kwa pumzi fupi ambayo mumewe aliivuta kati ya meno kila alfajiri chai ilipomgusa.

Swichi ya taa ilikuwa pale pale ukutani, karibu na bega la mumewe. Mwezi uliopita, alipoulizwa kwa nini haiwashi, alisema anabana umeme. Wiki hii hakusema kitu, na mke hakuuliza.

"Najua hujalala," mume alisema.

"Mbona hukuniamsha nikakumiminia?"

"Kwani nimekuwa mtoto?"

"Mtoto asingejiunguza kidole kile kile kila siku."

Akacheka kwa pua, akavuta kiti kwa mguu na kukaa. Mtaa mzima ulimwita Kamba. Jina hilo alipewa na Matroni, mwenye nyumba, kwa sababu ukoka aliokata pembeni mwa njia ulinyooka kama umevutiwa kamba. Na kweli aliuvutia kamba: vigingi viwili, uzi mweupe katikati, yeye nyuma amepiga magoti na mkasi wake mrefu, hatua kwa hatua mpaka getini. Siku hizi uzi ule hakuufuata kwa macho. Aliupapasa kwa mkono wa kushoto, akakata kwa wa kulia, na Jumatatu iliyopita alikuwa ameukata uzi wenyewe mara mbili.

Daktari wa macho aliwaeleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa na matone, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, asikose hata siku moja. Na kilichobaki kilikuwa kiasi cha mtu anayechungulia dunia kupitia bomba, bomba lenyewe likizidi kuwa jembamba. Walipotoka kliniki walikubaliana jambo moja kabla hawajafika nyumbani: asijue mtu. Si Matroni, si majirani, wala si Nukta, binti yao wa miaka sita, ambaye bado aliamini kwamba baba yake hashindwi na kitu. Chumba walichokaa kilikuwa cha Matroni, uani nyuma ya jiko, na kilikuja na kazi ya bustani. Kazi ikiondoka, chumba nacho kinaondoka.

"Jana jioni Matroni kasema twende barazani saa mbili," Kamba alisema.

"Twende nani?"

"Mimi na wewe."

Hapo Mama Nukta akainuka kitandani na kuwasha taa mwenyewe.

*

Matroni alikuwa mstaafu wa hospitali. Miaka thelathini alikuwa amesimamia wodi, na mpaka leo alikaa kitini kama mtu anayesubiri ripoti ya zamu. Hakuwa mtu mbaya. Nukta alipoanza shule, sare aliinunua yeye, na hakuitaja tena. Ila alipenda vitu vikae sawa, na visipokaa sawa alisema.

"Kamba, hebu nenda kasimame pale njiani, uniambie unaona nini."

Kamba akateremka ngazi tatu za baraza bila kusita, maana ngazi zile miguu ilizijua, akasimama njiani na kuinamisha kichwa.

"Naona ukoka, Matroni."

"Ukoka hata mbuzi anauona. Nauliza kingo. Hizo ni kingo, au zimetafunwa na panya?"

"Zimeharibika kidogo."

"Kidogo," Matroni akarudia, kama anaandika. "Sikugombezi, mwanangu. Umri unakwenda, magoti yanachoka. Mimi mwenyewe ngazi hizo siku hizi nazipanda kwa mazungumzo. Lakini Jumamosi wenzangu wa zamu wanakuja kunywa chai hapa. Wote wana bustani, na wote wana midomo."

Akatoa bahasha chini ya mto wa kiti. Alikuwa amesikia kwamba kuna mashine za betri za kukatia kingo. Hakutaka zile za mafuta zinazonguruma mpaka jirani anafunga madirisha. Alitaka ya nyumbani, ya bustani ndogo kama hii.

"Nenda na mkeo mkachague. Wewe ndiye utakayeishika, kwa hiyo chagua inayokufaa wewe. Usitazame rangi, wala usinunue kwa kunifurahisha mimi."

"Ahsante, Matroni."

"Usinishukuru bado. Kama tatizo ni magoti, mashine italimaliza. Kama tatizo ni wewe, tutaongea mengine. Watu wawili wameshaniuliza kama nina nafasi ya bustani." Akanyamaza, akakung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye mkono wa kiti. "Na chumba."

Wakarudi uani. Walipofika mlangoni Kamba akaegemea ukuta, mabega yakaanza kumtikisika, na mkewe akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Magoti," alisema. "Magoti haya yangeweza kumbeba yeye na kiti chake mpaka sokoni."

*

Dukani kulinuka mpira mpya. Mipira ya maji ilikuwa imeviringishwa kama nyoka waliolala, matoroli yamepangwa moja juu ya jingine mpaka darini, na kati ya vyote hivyo alisimama muuzaji, mwanamume mnene, kalamu sikioni.

"Karibuni, wazazi. Tuwape nini?"

"Mashine ya kukatia kingo za ukoka," alisema Mama Nukta. "Ya betri, ya nyumbani."

"Atakayeitumia nani?"

"Mimi," alijibu Kamba, akiliambia toroli. Mkewe akamgusa kwa kiwiko, naye akageuka kidogo, kama mtu aliyekuwa tu anashangaa bidhaa.

Muuzaji akaleta tatu na kuzilaza juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kuliko zote, inakata kwa uzi wa plastiki unaozunguka, na bei yake ilibakisha chenji nzuri kwenye bahasha. "Hii unaibeba kama fimbo ya kutembelea. Haina mambo mengi. Jicho lako ndilo usukani: unakotazama, inakwenda."

"Jicho langu," Kamba akasema.

"Na mkono usitetemeke."

"Tuoneshe nyingine," Mama Nukta akadakia.

Ya pili ilikuwa na kisu cha chuma na kigurudumu kidogo nyuma. "Hii sasa ina mstari mwekundu hapa mbele. Unaulinganisha na ukingo, unasukuma. Unauona, kaka?"

"Nauona. Mstari mzuri."

Alikuwa anatazama mpini. Muuzaji naye akatazama mpini, akamtazama Kamba, akasema tu, "Haya," na kuivuta ya tatu.

Hii ilikuwa nzito zaidi. Gurudumu lake lilikuwa pana, lenye mdomo wa mpira unaoning'inia pembeni. Ukiliweka juu ya ukingo wa saruji, mdomo ule unashika upande wa jiwe na haubanduki. Kisu kimefunikwa juu na pembeni, mguu hauwezi kukifikia. Betri na chaja vimo ndani ya boksi. Si kama maduka mengine, muuzaji alisema, yanayokuuzia mwili mtupu ukafika nyumbani ukaanza kuulilia roho.

"Hii hata ukiwa unapiga soga na jirani, inakwenda yenyewe," alisema.

"Naweza kuishika?" Kamba akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Akaiinamia. Vidole vyake vikaanza juu kwenye mpini, vikashuka taratibu, vikazunguka gurudumu, vikapima mdomo wa mpira, vikapita kwenye kifuniko cha kisu na kurudi. Mama Nukta hakuwahi kumwona mtu akishika mashine namna ile. Hivyo ndivyo mumewe alivyovishika vidole vya Nukta siku alipozaliwa, kimoja kimoja, kuhakikisha vimetimia.

"Nikiachia swichi, kisu kinasimama baada ya muda gani?"

"Sekunde mbili hivi."

"Kikigusa jiwe, sauti inabadilika?"

Muuzaji akatoa kalamu sikioni. "Miaka kumi na mbili nauza vifaa, swali hilo sijawahi kuulizwa. Mama, mumeo ni fundi."

"Ndiyo," alisema Mama Nukta. Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolitamka mle dukani, na lilimtoka kwa fahari.

Wakatoka nje kuijaribu kwenye ukingo wa barabara. Muuzaji akachomoa betri kwenye boksi na kumpa Kamba. Kamba akanyoosha mkono. Mkono ulikwenda vizuri, kwa heshima zote, ukasimama hewani shibiri moja kutoka kwenye betri, ukasubiri. Mkono wa muuzaji nao ukasubiri. Ilikuwa kama watu wawili wanaotaka kusalimiana kupitia kioo. Mama Nukta akaichukua betri haraka na kuichomeka mwenyewe.

"Mama, mwachie mzee ashike," muuzaji akacheka. "Au mwenye bustani ni wewe?"

"Huyu hupenda kunitangulia kila mahali," Kamba akasema. "Siku nikifa atatangulia kuingia kaburini kuangalia kama pananifaa."

Wote wakacheka. Kisha akawasha, akalishusha gurudumu mpaka likauma saruji, akatembea. Hatua tano, sita, saba, mgongo umenyooka, kichwa juu kama mtu anayesikiliza habari njema kutoka mbali. Majani yaliyochomoza kwenye nyufa yakakatika sawasawa. Alipofika mwisho wa ukingo, sauti ya kisu ikapanda kidogo. Akasimama palepale, kabla gurudumu halijaanguka. Alitabasamu. Tangu kliniki, Mama Nukta hakuwa ameliona tabasamu lile.

Ila bei ya ile ya tatu iliipita bahasha ya Matroni. Na kilichopungua kilikuwa sawasawa na noti zilizofungwa kwenye pembe ya kanga ya Mama Nukta, ambazo wangepitia nazo duka la dawa wakati wa kurudi.

Wakajitenga nyuma ya mipira ya maji.

"Tuchukue ya pili," mke akanong'ona. "Tutaizoea."

"Ya pili ni ya kufuata mstari. Mstari gani?"

"Daktari alisema usikose hata siku."

"Daktari hakai uani kwa Matroni."

"Baba Nukta, haya ni macho."

"Ni macho gani?" Aliuliza bila hasira, kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomuumiza. "Ile chupa inalinda tundu la sindano. Mashine inalinda chumba. Nukta atalala kwenye tundu la sindano?"

Mama Nukta alipiga hesabu haraka, kama anayekimbizwa. Nguo za nyumba ya kona, za kufua na kupiga pasi, zingelipwa baada ya siku kumi. Siku kumi bila matone. Watu huumwa siku kumi wakapona, watu husafiri siku kumi wakarudi. Siku kumi si kitu, alijiambia, na akafungua pembe ya kanga kwa meno, maana fundo lilikuwa limekaza.

*

Asubuhi Matroni alikuwa na kawaida ya kwenda kutembea kidogo, kama alivyoagizwa na madaktari aliofanya nao kazi, na hizo ndizo saa za Kamba. Akajifunza bustani upya. Kutoka bombani hadi kwenye kona ya kwanza, hatua kumi na nne. Kutoka kona hadi baraza, ishirini na mbili. Njia yote ilikuwa na ukingo wa saruji, tangu getini mpaka ngazi, na gurudumu lilipanda juu yake na kukaa kama limezaliwa hapo. Mashine iliimba kwa sauti ndogo. Nyasi zilianguka upande mmoja, na ukingo ulibaki nyuma yake umenyooka mpaka unatamani kupitisha kidole.

Nukta alitangulia mbele yake kila asubuhi kabla ya shule, anaokota kokoto na vijiti njiani, anavijaza mfukoni mwa sare. Mama yake alidhani ni mchezo, akamgombeza kwa kuharibu mfuko.

Alhamisi Matroni akarudi mapema. Akasimama getini, mikono kiunoni, akaitazama njia tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama Nukta, aliyekuwa anaanika mashuka, akaanika shuka moja mara mbili.

"Sasa huyu ndiye Kamba ninayemjua," Matroni akasema hatimaye. "Magoti, si nilisema? Jumamosi utawaonesha wenzangu. Wakishamaliza kikombe cha kwanza, unapita nayo mara moja tu, kutoka getini hadi barazani. Nataka wamwone mtu anayejua kazi yake."

Jioni ile chumbani walicheka kwa sauti, wakaambiana mambo ambayo hawakuyasema kwa miezi. Nukta angevaa viatu vipya mwaka ujao. Labda Matroni angewapigia rangi chumba. Kisha ikafika saa ya matone. Mama Nukta akaigeuza chupa juu chini, akaibonyeza. Ikatoa hewa. Akabonyeza tena.

"Limeingia," Kamba akasema, macho kayafumba. "Nimelisikia. La baridi."

Hakikuwa kimeingia kitu, na wote wawili walijua. Mke akamfuta shavu lililokuwa kavu, akaiweka chupa tupu mahali pake.

*

Jumamosi wageni walifika sita, wazee kwa vibibi, wote wa hospitali ile ile, wanataniana kama wanafunzi. Meza iliwekwa katikati ya ukoka na kufunikwa kitambaa cheupe cha Matroni, kile kirefu cha kuonesha wageni. Mama Nukta alimimina chai, akapitisha biskuti, akasifiwa kwa kutomwaga. Kisha akaingia jikoni kuongeza maji kwenye birika.

Akiwa huko, jua likasogea. Mzee mmoja akalalamika kwamba kipara chake kinaiva, wakainuka, wakashika meza kila mtu upande wake, wakaipeleka kivulini, kando ya njia, vikombe vikigongana na watu wakicheka. Waliiweka karibu sana, na kitambaa kikalala juu ya ukingo wa saruji, pindo lake likagusa njia. Hakuna aliyemwambia Kamba, aliyekuwa amesimama getini na mashine yake, shati limepigwa pasi. Nani atamwambia mtu jambo ambalo anaweza kulitazama?

"Kamba," Matroni akaita. "Wapitie."

Mama Nukta alitoka jikoni na birika linalofuka moshi, akaiona meza mahali ilipo, akamwona mumewe anakuja. Kichwa juu, mgongo umenyooka, mashine inaimba. Kati yake na meza palikuwa na hatua kama ishirini. Neno lilimjia mdomoni likiwa zima: simama. Lakini akitamka hivyo, wote watageuka na kuuliza kwa nini mwanamume mzima aambiwe kuna meza mbele yake. Alidhani labda atasikia sauti zao ziko karibu. Alidhani labda mtu mwingine atasema. Alisimama na birika lake, na hatua zikawa kumi, zikawa tano.

Kisu kilishika kitambaa. Kilikivuta mara moja kama mtu anayevuta shuka kitandani, na vikombe, sahani, bakuli la sukari na biskuti vyote vikaja chini kwa mpigo mmoja. Bibi mmoja aliruka, chai imemwagikia gaunini. Kamba aliachia swichi. Alisimama katikati ya vigae vya vikombe, nyuzi nyeupe zimejisokota kwenye mashine, uso ameugeuzia upande ambako hakukuwa na mtu.

"Samahani," alisema. "Ni jiwe?"

Kisha mzee mwenye kipara akacheka, akajizuia. Kamba akarudi nyuma hatua moja, akakanyaga mguu wa mtu, akageuka kuomba radhi, akagonga kiti.

"Kamba," Matroni akasema taratibu. "Umelewa."

Mama Nukta alimtazama mumewe. Alimwona akilipokea neno lile, akiligeuza, akilipima uzito, kama alivyoipima mashine dukani. Mtu huyu hakuwahi kuonja pombe maishani. Hata harufu yake ilimpa kichefuchefu.

"Ndiyo, Matroni," alisema. "Nilikunywa kidogo asubuhi."

"Kidogo. Miaka thelathini nimewapokea walevi wodini, mlevi namjua kwa hatua zake. Sasa ndiyo naelewa zile kingo." Akamgeukia Mama Nukta. "Na wewe ulijua?"

Birika lilikuwa linamchoma mkononi. "Nilijua, Matroni. Nimemsema, hasikii."

Ulimi ulikuwa mwepesi ajabu. Alihisi kama amemvua mumewe nguo mbele za watu, na mumewe akasaidia kufungua vifungo.

Matroni akashusha pumzi ndefu. Alikuwa na aibu mbele ya wenzake, na alikuwa na huruma pia. Vyote viwili vilionekana usoni pake, vinapigania nafasi. "Mlevi anaweza kuacha," alisema. "Nimewaona walioacha. Nakupa mwezi mmoja, Kamba. Chumba kaa, kazi fanya. Siku nyingine nikikuona unayumba, mkeo afunge mizigo. Vikombe nitakata kwenye mshahara. Na sasa hivi uwaombe wageni wangu radhi, mmoja mmoja, na umwangalie kila mtu machoni."

Mwezi mmoja. Mama Nukta alilisikia neno hilo likimwingia kama maji kwenye koo kavu. Mwezi mmoja, na nguo za nyumba ya kona zingelipwa, na matone yangenunuliwa, na chumba kingekuwepo. Ilikuwa imefaulu.

Kamba akaitua mashine chini kwa adabu. Alimfuata wa kwanza kwa kikohozi chake, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mzee wangu." Mzee akasema yamekwisha. Wa pili, yule wa kipara, alikuwa bado ananong'ona na jirani yake, na hilo lilimsaidia Kamba. "Nisamehe, mzee." Akageuka. Kiti cha tatu kilikuwa cha yule bibi aliyemwagikiwa chai, na bibi huyo alikuwa ameinuka, amesimama pembeni anakamua gauni, kimya, amekasirika. Kitini palibaki mkoba wake.

Kamba akakisogelea kiti, akaunganisha mikono miwili mbele ya kifua, akauinamia mkoba.

"Nisamehe, mama yangu," aliuambia. "Ni pombe."

"Mkoba umekusamehe," mzee wa kipara akasema, na safari hii wakacheka wote, mpaka bibi wa gauni akacheka. Kamba naye akatabasamu, kwa kuwa wengine wanacheka, na akabaki ameinama vilevile, anasubiri jibu.

Nukta alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza tangu wageni walipofika, anakula biskuti aliyopewa. Aliiweka biskuti chini. Akapita katikati ya vigae vya vikombe akichagua pa kukanyaga, akafika kwa baba yake, akamshika kifundo cha mkono na kumgeuza taratibu mpaka uso wake ukaelekea kwa yule bibi aliyesimama. Alifanya hivyo bila kutazama, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yao, na hapo Mama Nukta akajua kwamba mtoto amefanya hivyo mara nyingi.

Kicheko kikakatika kimoja kimoja. Mama Nukta alifungua mdomo kumwita binti yake aje, aondoke pale, aingie ndani.

Mtoto akainua uso, akamtazama Matroni.

"Baba hajalewa, haoni."